Chukua Palipo Pengi

Thelathini na moja, thelathini, thelathini, ishirini na tisa.

Nilipoziona namba hizo kwenye kioo changu cha mkononi nilijua jaribio limeharibika, nikajua limeharibiwa na nini, nikanyamaza. Wenzangu wakisimulia kisa hiki huanzia kwenye Baraza, siku niliyovuliwa kadi ya kazi. Wananistahi tu. Mimi naanzia hapa, kwenye kunyamaza, kwa sababu hapa ndipo nilipofanya ubaya wenyewe.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa Ngazi ya Kwanza, chini kabisa ya mji, ambako taa huwaka mchana kutwa kwa kuwa jua linaishia Ngazi ya Tatu. Nilikuwa mpimaji wa Ofisi ya Mizani, nimevaa koti la kijani, maringo yamenijaa. Mbele yangu palikuwa na sinia moja pana lenye mafungu manne ya ndizi za kuchemsha: Sengo, Kimori, Tindi na Mwanana, vipande arobaini kila fungu. Watu mia moja na ishirini wa ngazi hiyo, waliopatikana kwa kura, walionja kijipande cha kila aina wakiwa mezani, kisha wakapanga foleni, kila mmoja akapita mbele ya sinia kuchukua kipande kimoja cha ile aliyoipenda kuliko zote. Shamba jipya la Ngazi ya Tano lingetosha aina moja tu kwa miaka ishirini, na watakaoila ni watu, basi watu waulizwe. Ndivyo sheria ilivyosema, na sheria yenyewe si mbaya.

Foleni niliichora mwenyewe. Nilipiga magoti nikavuta mstari wa chaki kutoka mlangoni hadi kwenye sinia, kama kitabu cha ofisi kinavyoagiza, na nilipouvuta nilikumbuka mstari mwingine. Kwa hiyo msije mkanitetea kwamba sikujua.

Baba mmoja mwenye kofia ya sufu alipoonja Mwanana alifumba macho, akatafuna polepole, akamwambia aliyeketi naye, "Hii nilidhani ilishakufa." Zamu yake ilipofika kwenye sinia, mkono ulianza kwenda kwenye Mwanana. Akausimamisha. Akageuka kuwatazama walio nyuma yake, akayatazama mafungu, akaona Kimori ndilo lililobaki juu kuliko mengine. Akachukua Kimori, akapita. Nami nikabonyeza kioo: Kimori, mmoja.

Hivyo hivyo hadi mtu wa mia na ishirini.

Aliyepika ni Bi Sekela, mtunza chupa za miche wa Ngazi ya Kwanza, mama mfupi mwenye mikono iliyobabuka kwa maji ya dawa. Alisimama nyuma ya vyungu vyake akiniangalia. Mimi nikaangalia sinia.

"Bi Sekela," nikamwambia, kwa ile sauti ya watu wa juu ambayo nilijifunza kwa miaka, "hakikisha chumvi ya vyungu vyote iko sawa."

"Iko sawa, mtaalamu," akajibu.

Mtaalamu. Mwanamke huyo alinibeba mgongoni nikiwa na miaka saba.

*

Kuna miaka sita ambayo watu wa juu huiita Miaka ya Kungoja, na sisi tulioingoja huiita Foleni. Mvua ilikatika nchi tambarare, watu wakapanda kuelekea mlima, na mlima ukawa na mlango mmoja. Tulipanga mstari wa kilomita arobaini. Watu walizaliwa kwenye mstari ule, wakazikwa pembeni yake. Chakula kilishushwa kwa masinia, na sinia lilianza mbele likaja nyuma, halikuwa na mlinzi. Kilicholilinda ni neno moja ambalo kila mtoto alifundishwa kabla hajajua kufunga vifungo: chukua palipo pengi. Hata kama unapenda kile kingine, hata kama kinakuita kwa jina. Ukichukua palipo pachache umemla aliye nyuma yako.

Tulipoingia mjini tuliwekwa Ngazi ya Kwanza, na wenyeji wakatuita mikia. Kumbukumbu za asili zikafungwa kwa sheria, eti tusibaguane, nasi tukaendelea kubaguana kwa lafudhi. Nikafaulu mtihani, nikapandishwa Ngazi ya Nne nikiwa na miaka kumi na minne, na kwenye dawati la usajili nilipoulizwa jina nikasema Talia. Jina langu ni Tulinagwe. Mama yangu alikufa bila kujua kuna mtu anaitwa Talia.

Sasa mnaelewa. Watu wale hawakunidanganya kwa ubaya. Niliwapanga foleni nikaweka sinia mbele yao, wakafanya kilichowafikisha hai. Kila fungu lilipopungua waliliacha, lililobaki juu walilipunguza, hadi yote manne yakalingana kama yamepimwa kwa kamba.

*

Ofisini, Mratibu alipiga hesabu mbele yetu ukutani. Mratibu ni mashine, lakini ana adabu kuliko wengi wetu.

"Kama watu hawana wanachokipenda zaidi," akasema, "kila aina ingepata thelathini. Nachukua kilichoonekana, natoa kilichotarajiwa, nazidisha jibu kwa lenyewe, nagawa kwa thelathini, najumlisha zote nne. Jumla hiyo, yaani kai-mraba, ni sifuri nukta sifuri saba. Kwa aina nne, mpaka ni saba nukta nane moja. Jumla haijavuka mpaka. Upendeleo haujathibitika. Uamuzi unarudi kwangu, na mimi nachagua inayokua haraka, ambayo ni Sengo. Chupa za aina nyingine tatu zitachemshwa Ijumaa kuanzia saa sita mchana, ili makabati yapatikane."

Bwana Kilemile, mkuu wangu, alijinyoosha kwenye kiti. Ni mtu mwema asiyependa usumbufu. "Safi kabisa. Talia, weka sahihi tukanywe chai."

Niwaeleze kitu ambacho yeye hakukitazama. Mratibu amefundishwa kuangalia upande mmoja tu: je, jumla imevuka mpaka? Ikivuka, watu wana wanachokipenda. Isipovuka, basi. Hakuna aliyemfundisha kuangalia upande wa pili, kuuliza kama jumla ni ndogo kupita kiasi. Rusha kete ya pande nne mara mia moja na ishirini uone. Namba zitayumba, moja ishirini na nne, nyingine thelathini na saba. Bahati haina mkono mtulivu hivyo. Kupata ulinganifu kama ule wetu kwa bahati tupu ni mara tano katika elfu. Namba zile hazikuwa zikisema "hatupendi chochote." Zilikuwa zikisema kuna mkono unaosawazisha, na mkono huo niliujua, kwa kuwa hata mimi nikiwekewa sahani ya karanga pamoja na wenzangu, huanza kuchukua upande ulio mwingi.

Ilitosha niseme sentensi moja. Lakini Bwana Kilemile angeuliza, "Umejuaje?" Na kwenye chai walikuwa wakiniambia vichekesho vya mikia, na mimi nikicheka, tena nikicheka wa kwanza.

Nikaweka sahihi.

*

Jumatano nilitumwa kupeleka taarifa ya kuchemsha. Ningeweza kuituma kwa kioo, ila kitabu kinasema mtunza chupa aambiwe uso kwa uso. Kitabu hicho nacho kina utu kuliko mimi.

Chumba cha chupa kilikuwa na joto na harufu ya sukari. Kabati la Mwanana lilikuwa na chupa mia nne, kila moja na mche wa kijani mrefu kama kidole, mizizi ikielea kwenye uji mweupe. Bi Sekela alikuwa akifuta kioo cha kila chupa kwa kitambaa. Ndizi ile aliibeba mwenyewe kwenye Foleni, chipukizi moja amelifunga kwa kanga mbichi kifuani, kwa miaka sita. Watu waliuza vyote walivyokuwa navyo. Yeye alikunywa nusu ya maji yake na nusu akamwagia lile chipukizi. Kila mstari uliposimama alilipanda kando yake, na likizaa alitugawia watoto, kisha akafunga chipukizi lake jipya.

Nikasoma taarifa yote bila kuinua macho. Nilipomaliza alikunja kitambaa mara nne.

"Hawakuipenda?" akauliza.

"Upendeleo haujathibitika."

"Sikuuliza hivyo, mtaalamu. Nimeuliza kama hawakuipenda. Niliwaona wakionja."

Angekuwa amenitukana ningepata pa kushika. Lakini hakuwa akinituhumu, alikuwa anataka kujua tu, kama mama anayeuliza mwanawe kafeli somo gani. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Jaribio halisemi hawakuipenda," nikasema. "Linasema sisi hatukuona."

"Ahaa. Basi hamkuona." Akarudi kwenye chupa zake. Kisha, bila kugeuka: "Mama yako alikuwa anaipenda na maziwa ya mgando. Sijui kama unakumbuka."

Kumbe tangu mwanzo alikuwa ananificha, mimi niliyedhani najificha. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za chuma.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikwenda kwa Bwana Kilemile nikamwambia nataka jaribio lirudiwe.

"Hurudii jaribio kwa sababu jibu halikukupendeza," akasema, na hapo alisema kweli. "Ukipima mpaka upate unachokitaka, hujapima, umeomba dua."

"Sirudii kwa ajili ya jibu. Utaratibu ulikuwa mbovu." Nikamwonyesha sifuri nukta sifuri saba, nikamweleza upande wa pili. Aliduwaa, akapiga hesabu mwenyewe kwa kalamu, akaduwaa tena. Sikumwambia habari ya Foleni. Nilisema tu kwamba kuna hitilafu.

"Basi kuna fomu," akasema, akivuta droo. "Jaribio linafutwa ikitajwa hitilafu na aliyeisababisha. Mtu, kwa jina. Na huyo mtu kadi yake inafutwa, hatagusa kazi ya Ofisi wala ya makabati maisha yake yote." Akashusha sauti. "Talia, wewe ni kijana, una njia ndefu. Yule mama aliyepika anaweza kuwa alichanganya vyungu. Nani atabisha? Andika mpishi, ndizi zipone, na wewe upone."

"Ni kumsingizia."

"Muulize mwenyewe."

Na akamwita. Bi Sekela alipanda kwa miguu hadi Ngazi ya Nne, akaingia anahema, akakaa ukingoni mwa kiti kama anaogopa kukichafua. Bwana Kilemile alimweleza kwa upole kabisa. Kama yeye atakubali kuwa ndiye aliyekosea, watu wataonja tena. Kadi yake itakwenda, ila chupa huenda zikabaki.

"Na zikibaki atazitunza nani?" akauliza.

"Atatafutwa mwingine."

Akafikiri kidogo, si sana. "Andikeni mimi."

"Mama mdogo," nikasema. Lilinitoka lenyewe, mbele ya Bwana Kilemile, kwa lafudhi ya chini. Bwana Kilemile akanitazama.

Bi Sekela hakunitazama. "Mimi nimeshakula," akasema. "Walio nyuma hawajala. Andika, mtaalamu, saa inakwenda."

Bwana Kilemile akatuacha na fomu, akamsindikiza mama chini. Nikabaki peke yangu na ile karatasi, saa tano na robo. Kwenye nafasi ya jina nikaandika: Sekela.

Ndiyo, niliandika. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Na baada ya kuandika nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi, na wepesi ule ndio unaonitia aibu hadi leo kuliko vyote. Nikasema moyoni kwamba amekubali mwenyewe, kwamba ni mzee, kwamba anachotaka ni ndizi yake iishi, mimi ni nani nimkatalie. Kila sababu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimetengewa sinia, na nilikuwa naondoka na kipande cha mwisho cha mtu.

Sikuituma. Sikuichana pia. Nilikaa naitazama. Saa sita ikagonga nikiwa nimekaa. Kwenye ukuta, bila kuulizwa, Mratibu alianza kusoma kazi za mchana kama kawaida yake: "Kabati la Mwanana. Chupa kumi zimechemshwa. Chupa ishirini zimechemshwa." Kumi kila dakika. Mnadhani niliruka? Nilikaa. Thelathini. Arobaini. Mia. Kuna woga unaomfunga mtu miguu, na kuna aibu, na aibu ndiyo inayokaza fundo. Ilipofika mia mbili nililia. Kulia hakukuzima jiko hata moja.

Ilipofika mia tatu na kumi nilikata lile jina, nikaandika langu juu yake. Si Talia. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika: "Mpimaji alijua kwamba watu wa Foleni huchukua palipo pengi ili wa nyuma wasikose, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtu wa Foleni. Aliwapanga foleni. Aliona matokeo, akayaelewa, akaweka sahihi." Nikainua karatasi mbele ya kioo cha ukutani.

"Nimesoma," akasema Mratibu. "Jina hili halimo kwenye orodha ya wapimaji."

"Limo. Ni la Talia."

Akaliandika jina kwenye orodha. "Nasimamisha jiko. Zimebaki chupa sitini."

*

Baraza halikuchukua muda. Walinivua koti mbele ya watu, na katika wale watu walikuwamo walionichekea kwenye chai. Mmoja alinong'ona neno nililolitarajia. Nilidhani litanichoma. Likanikuta nimeshaungua.

Jaribio la pili alilipanga mpimaji mwingine, kwa maelekezo yangu niliyoyaacha kwa maandishi. Hakuna mstari, hakuna sinia. Vyumba vidogo vyenye mlango. Unaingia peke yako, unafunga, unakuta sahani nne, kipande kimoja kila sahani, na umeambiwa kwamba vikitoka vinne vinaingia vingine vinne, hakuna atakayekosa. Watu wapya mia moja na ishirini. Mimi nilikuwa jikoni Ngazi ya Kwanza, naosha sahani. Hakuna aliyeniita, nilikwenda tu.

Mwanana sabini na moja. Kimori ishirini na mbili. Tindi kumi na tano. Sengo, kipenzi cha mashine, kumi na mbili. Kai-mraba sabini na sita na ushee. Mpaka ulikuwa saba nukta nane moja. Ukumbi ulishangilia, na mimi nikaendelea kusugua, kwa sababu kuna hesabu nyingine nilikuwa nimeshaipiga. Kwa chupa mia nne, shamba la juu lingejaa kwa miaka minne. Kwa chupa sitini ni miaka kumi na moja. Bi Sekela ana miaka sabini na sita. Hakuna aliyeisema hesabu hiyo kwa sauti, hata yeye, ambaye anajua kuhesabu miche kuliko mimi.

Watu walipokwisha kutoka alikuja jikoni na kadi yake imening'inia shingoni. Alisimama pembeni yangu akafuta sahani mbili tatu.

"Mama mdogo, nisamehe," nikasema. "Niliandika jina lako kwanza."

"Nimeiona ile karatasi. Ulinikata kwa mstari mmoja tu, jina linasomeka." Akaweka sahani chini. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Miaka yote ile." Hakusema amenisamehe. Sijui kama ameshanisamehe. Alisema, "Tulinagwe, umekula?"

Nikatikisa kichwa.

"Chumba cha mwisho wameacha sahani ambazo hazijaguswa. Nenda."

Niliingia, nikafunga mlango. Sahani nne, vipande vinne, vimeanza kupoa. Mkono wangu ulikwenda kwenye Sengo wenyewe, maana Sengo ndiyo iliyokuwa imebaki kwa wingi mjini. Nikausimamisha. Nikageuka kutazama nyuma yangu. Palikuwa na mlango tu.

Nikachukua Mwanana. Nikala nusu nimesimama, chumvi ya machozi na chumvi ya chungu sikuzitofautisha. Nusu nyingine nikaifunika kwa kiganja, nikampelekea mama mdogo jikoni.